Mkanda wa Feni Shingoni

Nianze na rejeta, maana nililala nayo chumba kimoja kwa karibu miaka mitano. Niliiegemeza ukutani, upande wangu wa kitanda, ili kila asubuhi nikishusha miguu niione. Katikati ilikuwa na kovu la duara, kubwa kama sahani ya wali, pale mapanga ya feni yalipoikwangua mpaka ikatoboka. Wanawake wa jumuiya waliokuja kunijulia hali nilipougua waliuliza kwa nini naweka chuma chakavu chumbani wakati mafundi wa Viwanja Sitini wangeichukua mara moja. Niliwajibu kwamba ile ina mwenyewe, nami namtunzia tu. Mwenyewe alikuwa Gosbert.

Hata hivyo habari hii ni ya mume wangu Evaristo, dereva. Mungu alipogawa maneno nyumbani kwetu, alinipa mimi yote. Evaristo akikanyagwa mguu kanisani huomba radhi yeye. Mimi nikikanyagwa naandika jina. Mimi ni Philomena, mama yake Venance, na sioni aibu kusema kwamba sisahau.

Evaristo alijifunza udereva kwenye trekta za mashamba ya miwa, akiwa kijana mwembamba aliyetoka kwao na shati moja. Mwaka wa sabini na tisa akaajiriwa kwenye mradi mmoja wa mpunga hapa Ifakara, akakabidhiwa Landrova 109 ya petroli, ndefu, rangi ya majani makavu. Aliiendesha miaka kumi na minne. Alijua kila nati yake, na akiwa kitandani aliweza kukuambia ipi imelegea.

Tabia yake moja inabidi niieleze vizuri, maana kila kitu kinasimama juu yake. Njia ya kwenda kijiji cha Michenga inakatwa na mkondo ambao kiangazi hulowesha kwato za ng'ombe tu, na masika humfika mtu kiunoni. Madereva wengine wakifika pale walitazama maji, wakatazama saa, wakaingia. Evaristo alizima gari. Alivua viatu, akakunja suruali, akavuka kwanza kwa miguu huku akichokoa chini kwa fimbo, akarudi. Halafu aliinama kwenye magurudumu ya mbele na kuzungusha habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa mkono, moja kushoto na moja kulia, kwa sababu bila habu kufungwa unaweza kuvuta gia ya fowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, mpaka uing'oe na magurudumu ya mbele yasijue kama umeivuta. Alifunika uso wa gari kwa gunia. Mwisho alifungua boneti, akalegeza mkanda wa feni, akautoa na kuuvaa shingoni.

Mkanda hutolewa kwa sababu feni ikizunguka ndani ya maji hufanya kazi ya kasia. Hujivuta mbele, mapanga yakapinda na kula rejeta, na maji mengine yakarushwa juu ya nyaya za plagi, injini ikazima katikati ya mkondo. Evaristo alivuka kwa gia namba moja, bila kubadili, bila kusimama, na alipofika ng'ambo alirudisha mkanda kabla hata ya kuitikia salamu, maana bila huo mkanda maji ya injini hayazunguki na gari huchemka. Watu wa Michenga walimzoea. Wakimwona mkanda uko shingoni walijua leo maji ni mengi, na aliyekuwa na mzigo kichwani aliahirisha safari au akaita mtumbwi. Watoto walimwita Baba Mkanda.

Kwenye kibanda cha chai cha Viwanja Sitini madereva walikuwa na ubishi mmoja usioisha: gari gani kiboko ya bonde hili? Wengine waliapa kwa Landkruza, wengine kwa Landrova, wengine kwa Patro, na daima alikuwepo mmoja wa kutetea Suzuki ndogo kwa sababu ndiyo aliyopewa. Evaristo alikunywa chai yake mpaka wamwulize. Wakimwuliza, alijibu kwa udongo.

"Kutoka Kidatu kuja Kiberege, vumbi na mawe, nipe Landkruza," alikuwa akisema. "Ile dizeli haichoki, na ukilala ukaamka bado inakwenda. Lakini kwenye mbuga nyeusi ya Michenga nipe Landrova. Ni nyepesi. Ikizama, inazama kwa adabu, watu sita wanaisukuma. Landkruza ikikaa mle ndani imekaa, utaita kijiji kizima. Patro ina nguvu, ila tumbo lake naliona liko chini kwa matuta ya huku. Suzuki inapita juu ya tope kama kuku, lakini kwenye maji ya kwenda kasi inageuka mtumbwi."

"Na kwa kuaminika, Baba Venance?"

"Landrova itaharibika mara kumi na utaitengeneza mara kumi kwa spana moja na waya. Landkruza itaharibika mara moja. Ila siku hiyo ujue utasubiri spea kutoka Dar."

Halafu aliongeza neno lake la siku zote, ambalo mimi sasa nalijua kama Baba Yetu: "Yote hayo ni bure kama dereva hashuki. Gari lina gia za ziada, miguu halina. Miguu ni ya dereva."

Gosbert alikuwa mtu asiyeshuka. Aliletwa mwaka wa tisini na mbili kuwa ofisa usafirishaji wa ule mradi, na alikuja na viatu. Sisemi kwamba sisi tulikuwa pekupeku. Nasema viatu vyake vilikuwa na ofisi yao. Vilipigwa rangi asubuhi na mchana, na katika miezi yote niliyomfahamu sikuwahi kuviona kwenye udongo wenye maji. Landrova ya mume wangu aliiita mkangafu, gari bovu la kutupwa. Alisubiri Landkruza mpya zije, na wakati anasubiri alipenda kushika usukani mwenyewe ili watu waone kwamba mkubwa naye anajua.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu, alimwita Evaristo ofisini. Akamwambia kesho Jumapili ana safari ya kwenda Michenga, ya kikazi, na ataendesha mwenyewe, wewe kapumzike na familia. Ila gari halitoki getini bila saini ya dereva kwenye kitabu cha safari. Saini tu hapa.

Evaristo akasaini. Alisaini safari ambayo hakuiendesha. Hilo ndilo kosa lake, na nalitaja mwenyewe kabla hujanikumbusha. Lakini dereva gani wa miaka ile angemwambia mkubwa wake "sisaini"? Kalamu inanyooshwa, unaishika, unaandika, unasema "asante mzee."

Jumapili alasiri Gosbert alibisha hodi kwetu. Alikuwa kwa miguu, amelowa mpaka kifuani, viatu kavishika mkononi. Viatu vilikuwa vikavu! Nililikumbuka hilo baadaye. Alisema gari limegoma kidogo pale mkondoni, Evaristo aende asubuhi na mapema akaliangalie. Nilimpa kanga ya kujifuta na chai ya tangawizi. Ile chai inanichoma moyo mpaka leo.

Alfajiri ya Jumatatu Evaristo akapanda baiskeli. Akaikuta Landrova katikati ya mkondo, pua imeinama, maji yamefika kwenye viti. Akavua viatu, akaingia. Sasa fikiria ni nani anapita njia ya Michenga Jumatatu asubuhi wakati wa palizi. Kila mtu! Wote wenye majembe walipita, wakamwona Evaristo amesimama majini kando ya gari lililozama. Hawakumwona mtu mwingine, wakaunganisha wenyewe. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni Ifakara: Evaristo wa mradi amezamisha gari.

Alipofungua boneti alikuta mkanda wa feni uko mahali pake, umekaza vizuri, na rejeta imeliwa duara zima. Alijua pale pale. Mtu aliingia kwenye maji ya kiunoni feni ikizunguka, na mtu huyo hakuwa yeye.

Siku ya kikao alikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi, na ile rejeta kwenye gunia miguuni pake, kwa sababu alidhani wataomba kuiona. Saa sita walimwita ndani. Walikuwa wameshamaliza. Kitabu cha safari kilikuwa wazi mezani, saini yake inaonekana, na Gosbert alikuwa amesema kwamba yeye Jumapili alikuwa nyumbani. Wakampa barua. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Akarudi na gunia lake mgongoni, akaliweka mlangoni, akasema, "Mama Venance, nimeachishwa," kisha akaenda kuchota maji kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Mimi nilitaka kwenda kuichoma ile ofisi. Alinishika mkono. Ndipo nilipoitoa rejeta kwenye gunia na kuipeleka chumbani.

Dereva hana kitu kingine zaidi ya jina lake. Fundi cherehani akiharibu suruali moja atashona nyingine, lakini dereva akishaitwa mzamishaji, nani atampa gari? Alikwenda misheni, wakasema tutakuita. Alikwenda kwa wafanyabiashara wa mchele, wakacheka: "Wewe si yule wa mkondoni?" Alirudi mpaka kwenye mashamba ya miwa alikoanzia, na jina lilikuwa limemtangulia. Kwenye kibanda cha chai hawakumwuliza tena kuhusu Landrova na Landkruza. Alikunywa chai kimya, na ubishi ukaendelea bila yeye.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo mtupu! Ya Gosbert ilikuwa na urefu wa miaka mitano, na aliitembea na viatu vinavyong'aa. Alipata Landkruza zake mpya. Alinipita sokoni akiwa ndani ya moja, vioo vimefungwa. Nilikuwa nikisali rozari, nikifika kwenye "utusamehe makosa yetu" naruka sehemu inayofuata.

Landrova ilikaa uani pa mradi mvua mbili, kuku wakitagia ndani, kisha ikauzwa kama chuma chakavu. Aliyeinunua alikuwa Evaristo, kwa kiinua mgongo chake. Tuligombana siku tatu, yaani mimi niligombana na yeye alisikiliza. Nilimwambia amenunua maiti. Akasema, "Haina kosa, mama. Iliuawa." Akaifungua yote, vipande akavipanga juu ya mkeka uani, akavisafisha kimoja kimoja kwa mafuta ya taa. Alitaka hata ile rejeta aipeleke ikazibwe. Nilimwambia atafute nyingine, hii haitoki. Alinitazama, akatazama lile kovu, akaenda kutafuta nyingine.

Gari lilipopona, alianza kubeba mpunga na watu. Wachache walipanda. Balbina, mama wa Michenga anayenunua mpunga kwa magunia, alikuwa akisimama ukingoni masika na kumwambia mbele ya watu wote, "Hapana Evaristo, baba, mimi nina watoto. Nitangoja mtumbwi." Evaristo alikuwa anaitikia, "Sawa, mama," na mkanda wake shingoni, anavuka peke yake.

Ikaja mvua ya El-Nino. Nadhani sina haja ya kuieleza kwa mtu wa bonde hili. Mwezi wa pili mwaka wa tisini na nane, yapata saa tatu asubuhi, akaja mtu wa baiskeli ana tope mpaka masikioni. Landkruza ya mradi imekwama mkondoni Michenga. Ndani yumo mkurugenzi mpya, mwanamama, na wageni wawili, wanakwenda kikaoni Michenga. Wamejaribu wichi ya mbele, ile mashine ya kujivutia, lakini wichi inataka mti wa kufungia kamba, na pale pana mpunga tu. Wanaomba Landrova ya Baba Venance.

"Anaendesha nani?" niliuliza.

"Bwana Gosbert mwenyewe. Alimwambia dereva apumzike."

Evaristo akaenda kuchukua mnyororo. Mimi nikaenda chumbani kuchukua rejeta. Aliponiona naipakia, aliisogeza tu isigonge debe la petroli.

Tulipofika, watu kama kumi walikuwa ukingoni ng'ambo, Balbina mmoja wao. Landkruza ilikuwa katikati, nyeupe, nzuri kwa kweli, maji yamefika kwenye ngazi ya mlango. Gosbert alikuwa ameshika usukani na kukanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanachimba na kurusha tope. Viatu vilikuwa miguuni. Hakuwa ameshuka hata mara moja.

Evaristo alifanya mambo yake kwa utaratibu ule ule, wala hakuharakishwa na kelele. Akavuka kwa miguu na fimbo. Akafunga habu. Akafunga gunia. Akatoa mkanda, akauvaa. Tukaipita Landkruza kwa upande wa juu, ambako chini ni kugumu, tukatoka ng'ambo, akarudisha mkanda mahali pake. Kisha akachukua mnyororo begani na kuingia tena majini.

Nilimwona akiinama kwenye gurudumu la mbele la kushoto na kuzamisha mkono. Akazunguka, akainama kwenye la kulia. Akasimama. Sikujua anatafuta nini, nikadhani ni ndoano ya kufungia mnyororo.

Mkurugenzi alifungua kioo. Jina lake Aikande, mama wa makamo, mpole wa sauti. "Shikamoo mzee. Pole sana, tumekusumbua."

"Marahaba, mama. Hapana usumbufu."

Akamgeukia Gosbert. "Kumbe mnafahamiana?"

Gosbert angeweza kusema ndiyo na kunyamaza. Mnyororo wa kumwokoa ulikuwa begani mwa mume wangu, umbali wa mkono mmoja. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Akacheka kidogo, akasema, "Huyu ni dereva wetu wa zamani, mkurugenzi. Ndiye aliyetuzamishia Landrova mwaka wa tisini na tatu. Hapa hapa tulipo."

Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilikuwa nimeshaishika rejeta, mguu mmoja umeshaingia majini, na maneno ya miaka mitano yamejaa mdomoni. Evaristo alinigeukia akatikisa kichwa. "Bado, Mama Venance."

Halafu akaanza kuukunja mnyororo. Aliukunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu aliyemaliza kazi. Akamwambia mkurugenzi, "Mama, kikao chenu kisichelewe. Wewe na wageni pandeni Landrova, niwafikishe Michenga. Gari nitalitoa jioni. Ila mwenye gari abaki nalo, vitu visiibiwe."

Mama Aikande hakusubiri kubebwa. Alivua viatu vyake, akakunja gauni, akashuka majini na kuja kwa miguu. Wageni wakamfuata. Gosbert alitoa kichwa dirishani: "Evaristo! Utaniacha hapa?"

"Gari halina kosa, mzee," Evaristo alisema. "Halitazama."

Wakaondoka. Mimi nilibaki. Mtu wa mjini angelipa kiingilio kuona nilichokiona siku ile, mimi nilikiona bure. Nilitandika kanga ukingoni, nikaketi juu yake, nikanunua mihogo ya kuchoma. Waliokwenda shambani walipita, wakamwona Gosbert. Waliorudi kupeleka chakula walipita, wakamwona. Saa sita maji yalipanda kidogo yakaingia sakafuni, akahamia juu ya boneti, amekumbatia magoti, viatu kavitundika kwenye kioo cha pembeni. Kila aliyepita nilimsalimia kwa sauti: "Habari za leo! Mwangalieni dereva!"

Saa nane alinyenyekea. "Mama Venance, nisaidie maji ya kunywa."

"Si umeyakalia?" nikamjibu.

Balbina, aliyekuwa amejongea kuketi karibu nami, alinitazama. "Philomena, una roho mbaya."

"Ninayo," nikasema. "Na alinipa yeye."

Saa kumi Landrova ilirudi, na nyuma yake watu wa kikao, nusu ya Michenga. Maji yalikuwa yameshuka tena. Evaristo aliisimamisha ukingoni, akatoa mkanda na kuuvaa, maana atarudi kuvuka, akaingia majini bila mnyororo. Watu wakanong'ona. Atalivuta kwa nini?

Akafika kwenye gurudumu la kushoto. Akazamisha mkono, akazungusha. Akaenda kulia, akazungusha. Akamwomba Gosbert ashuke kwenye boneti, na kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya watu miguu ile ikaingia kwenye tope la Michenga, mitupu. Akachungulia mafuta ya injini kama hayana maji. Akaingia, akawasha, akavuta gia ya fowili, na Landkruza ikatembea. Haikuunguruma wala kurusha tope. Ilipanda ukingo polepole na kusimama mbele yetu, inachuruzika.

Mama Aikande alisogea. "Mzee, ulifanya nini pale?"

"Nilifunga habu za mbele, mama. Hazikuwa zimefungwa. Dereva alivuta gia ya fowili, lakini lazima kwanza ashuke azungushe hizi kwa mkono."

"Na asubuhi ulijua?"

"Nilijua. Niliposhika."

"Ilikuwa kazi ya dakika moja?"

"Haifiki."

Sauti yake ikabadilika. "Sasa mbona hukusema, mzee wangu? Umetuacha kutwa nzima."

Evaristo alitazama chini. Mkanda ulikuwa unadondosha maji kifuani pake. "Sikuulizwa, mama," alisema. "Hata mwaka wa tisini na tatu sikuulizwa. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa sita."

Katika ndoa yetu sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Mkurugenzi akasema, "Mimi nakuuliza sasa. Ilikuwaje?"

Akanitazama. Ile "bado" ilikuwa imekwisha. Nikaileta rejeta, nikaiweka chini mbele ya miguu ya mkurugenzi. Evaristo akapitisha kidole kwenye kovu, duara lote, akaeleza habari za feni na maji kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa. Mama Aikande akamgeukia Gosbert. "Siku ile Landrova inaingia majini, mkanda wa feni ulikuwa wapi?"

Gosbert alijifuta uso. "Mkanda gani?" akasema.

Hakuwa anajifanya. Hakujua kwamba mkanda hutolewa. Watu walitazamana, na hapo Balbina akasimama, akaweka mikono kichwani. "Mungu wangu! Jumatatu ile mimi nilipita hapa na jembe. Evaristo alikuwa majini. Hakuwa na mkanda shingoni!" Akawageukia wenzake. "Nani alimwona na mkanda siku ile? Semeni!" Hakuna aliyemwona nao. Miaka yote walikuwa na ushahidi machoni mwao na hakuna aliyewauliza, wala wao hawakujiuliza. Yule mama mwenye watoto akaenda moja kwa moja akapanda Landrova, akaketi mbele, akamwambia mume wangu, "Twende, Baba Mkanda. Nivushe."

Mradi ulimwandikia Evaristo barua ya kumsafisha, ikabandikwa ubaoni, ikasomwa mpaka Michenga. Walimwomba arudi kazini. Akasema anashukuru, ila ana gari lake. Kwenye kibanda cha chai siku ile ile wakamwuliza, Landrova au Landkruza? Akasema Landkruza ilikaa majini kutwa nzima na ikawaka mara moja, mpeni heshima yake.

Nyumbani nilimwuliza kama kweli alimwacha mtu majini kutwa nzima kwa kitu cha kuzungusha kwa mkono. Nilidhani mwenye kisasi nyumbani ni mimi. "Kutwa moja," alisema. "Mimi alinisimamisha pale miaka mitano." Akaomba chumvi.

Gosbert aliondoka Ifakara mwezi wa nne. Nilipata habari, nikaenda stendi na rejeta kichwani. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, dirishani, akajifanya haoni. Nikamkabidhi konda: "Mzigo wa yule pale. Nilikuwa namtunzia." Konda akaupandisha juu ya basi na kuufunga kamba pamoja na begi lake, kisha akampelekea kitabu cha mizigo dirishani. Abiria walikuwa wengi, na wengine wa Michenga walikuwa wameshaanza kutazama vidole vyake waone kama vitaandika. Akachukua kalamu.

Jioni Evaristo aliingia chumbani, akaona ukutani pamebaki alama tu. "Umempelekea?"

"Nimempelekea."

Akapitisha kidole kwenye ile alama. "Alisaini?"

"Alisaini."

Evaristo akakaa kitandani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.